Mwaka Tuliopanga Maroboti

Baba mkubwa tulimzika Mbalibali, Jumanne mchana, jua linachoma, na kabla masufuria ya wapishi hayajaoshwa nikamkuta binti yangu amekaa nyuma ya zizi na simu yangu, anaangalia maroboti. Nilitaka kumfokea. Msiba wa babu yake, watu bado wana udongo wa kaburi kwenye viatu, yeye yuko kwenye katuni! Nikainama nimnyang'anye simu, ndipo nikamwona yule wa kijani mwenye bega lililobonyea, anavuka daraja vilevile alivyokuwa analivuka chumbani kwa Mwita, na mkono wangu ukakataa. "Mama, kumbe unaijua hii?" Nikamwambia naijua. "Iko yote humu," akasema, "ya kwanza mpaka ya mwisho. Imepangwa." Imepangwa! Alilitamka hilo neno hivi hivi tu, mtoto wa watu, hana habari. Nikaenda kujifungia chooni nikalia mpaka mke wa mchungaji akaja kugonga mlango na kunipa pole. Walidhani namlilia baba mkubwa. Namlilia, ndiyo, lakini mzee alikuwa ameugua, amelala hospitalini Mugumu wiki tatu, kifo chake tulikiona tangu kiko mbali kinakuja. Niliyekuwa namlilia chooni pale ni mtoto wake, Mwita, na nilikuwa nalia kwa aibu zaidi ya huzuni. Afadhali niseme mapema, maana nimechoka kulizunguka jambo hili.

Mambo ya ukoo, nani alimzaa nani na ng'ombe wangapi walitoka, nayaacha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nikapelekwa Nyamongo kwa baba mkubwa nimsaidie mama mkubwa kwenye mgahawa wake. Mgahawa wenyewe ulikuwa chumba cha mbele cha nyumba: meza mbili ndefu, mabenchi, pazia la maua lililoshika moshi, na nyuma ya pazia ndiko tulikoishi. Nilikuwa naamka kukanda unga wa chapati wakati wachimbaji wanaanza kupita barabarani na sururu zao, na pikipiki zinaanza kulia, na vumbi linaanza kuingia chini ya mlango. Maharage, chapati, supu ya utumbo. Jioni sisi wenyewe tulikula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi, mzito, na dagaa au maziwa ya mgando. Mama mkubwa alikuwa anapika anaongea na sufuria, anaisema kama mke mwenza. Baba mkubwa alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwamkia shikamoo anakuitikia marahaba kwa utaratibu, anakutazama usoni, halafu basi, umeshamaliza naye mpaka kesho.

Mwita alikuwa mtoto wao wa kwanza, miaka ishirini na mbili, mchimbaji kwenye duara la watu wa huko huko. Duara ndilo shimo la wachimbaji wadogo. Linashuka wima, halafu huko chini linajigawa kufuata mwamba wenye dhahabu. Kwa desturi ya watu wa Nyamongo, ukiwa na kijana nyumbani basi yuko duarani au yuko kwenye pikipiki. Mwita alikuwa mfupi, mcheshi, ana meno mazuri anayoyajua, na alichopata shimoni hakukijengea nyumba wala hakukinunulia ng'ombe. Alinunua televisheni ndogo, deki ya CD na betri ya gari. Chumba chake kilikuwa cha mwisho uani, dirisha limezibwa kwa gunia, kitanda kimoja, na ukutani amebandika magazeti ili udongo usimwangukie kwenye uso akilala. Humo ndimo tulimoangalia maroboti mchana wote wa Jumapili na kila alasiri ambayo hakwenda kazini. Mama mkubwa nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia jirani kupitia uani, "Wengine wana vijana wanakunywa gongo. Mimi wangu anakunywa katuni, na yule wa shemeji yangu aliyesoma naye amejiunga!" Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

CD zilikuwa kumi. Mwita alikuwa anazinunua Sirari, mpakani, kwa wauzaji wanaotandaza turubai chini, mojamoja kila akienda, na hazikuwa na namba. Bahasha nyeupe ya karatasi, imeandikwa kwa kalamu nene ROBOTI, basi. Ndani mna sehemu tatu tatu za katuni ya nchi za mbali huko, na juu ya sauti zao kuna sauti ya mtu wetu, mtafsiri, mwanamume mwenye mafua ya kudumu, anayesema sauti zote peke yake: ya mwanamke, ya mtoto, ya roboti, mpaka ya mlango ukifunguka. Yeye ndiye aliyewapa majina. Yule mkubwa mwenye kichwa cha mviringo akamwita Kibuyu. Yule wa kijani akamwita Sajenti. Shida ni kwamba kwenye CD moja Sajenti anakufa, anaanguka kutoka darajani, Kibuyu analia mafuta. Kwenye nyingine Sajenti mzima anakula upepo juu ya ghorofa. Mwita alikuwa anashindwa kulala. "Gati, amefufuka au hajafa bado?" Ndicho alichoniuliza mara ya kwanza aliponiita chumbani kwake, na tukaanza hapo. Nilichukua kaunta buku niliyokuja nayo kwa ajili ya kidato cha tano, nikaigawa kurasa, kila CD ukurasa wake, tukaanza kutafuta ipi ilitangulia.

Nataka nieleze tulivyofanya, kwa sababu ndiko nilikojifunza kujiamini, na laiti nisingejifunza. Kanuni ya kwanza alitoa Mwita: chuma hakiponi. Bega la Sajenti likiwa limebonyea kwenye CD fulani, basi CD ambazo bega ni zima zimetangulia. Mimi nikampinga, nikamwambia hawa wana mafundi, wanaweza kugonga bega likarudi. Tutafute kitu kisichorudishika. Tukapata mnara wa mji, ambao ulivunjika, na hakuna CD yoyote tuliyoona unajengwa. Halafu Mwita akaja na la kwake ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka na kuumia. "Angalia salamu," akasema. Mtafsiri wetu alikuwa anawaamkisha maroboti wale. Sajenti akikutana na Kibuyu, mtafsiri anasema "shikamoo mkuu," Kibuyu anajibu marahaba. Kwa hiyo Kibuyu ni mkubwa. Lakini CD nyingine Kibuyu ndiye anayeamkia! Tulikaa Jumapili nzima tunabishana. Mwita akasema lazima wawe na saro, yaani rika, kama vijana wa kwetu waliotahiriwa msimu mmoja. Waliotoka kiwandani msimu mmoja ni rika moja, na hao hawaamkiani. Ikawa tumechora rika tatu za maroboti. Baba mkubwa alipita uani akasimama mlangoni, akasikiliza, akauliza, "Na ngariba wao nani?" Akaenda zake. Ndiyo mzaha pekee niliowahi kumsikia akiutoa, na Mwita alijirusha kitandani kwa kicheko.

Kumbe mtafsiri alikuwa anajisemea tu. Yule hakujua lugha ile hata chembe, wala hakuwa na CD zote. Alitafsiri yoyote iliyomfikia, siku iliyomfikia, na akisahau nani mkubwa anabahatisha. Hilo nimelijua juzi hapa, baada ya msiba, nilipoitazama sehemu ya kwanza kwenye simu pamoja na binti yangu. Mlemle mwanzoni wako wawili wa kijani. Wawili! Mmoja ana bega la kushoto lililobonyea na mwingine hana. Hakuna aliyefufuka, na rika zetu tatu zote upuuzi mtupu. Nilizima simu kabla sehemu haijaisha.

Nimeandika "juzi hapa", umeona? Msiba ulikuwa mwezi uliopita. Hata mimi.

Maana ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya neno hilo. Kwenye CD moja Sajenti anamwambia mwenzake, "Juzi tu tulipigana kule mlimani, leo tena?" Nikaandika kwenye kaunta buku: vita vya mlimani, halafu siku mbili, halafu hii. Mwita akacheka. "Juzi ya nani?" Nikamwambia juzi ni siku moja kabla ya jana, haina ya nani. "Imeandikwa wapi? Mimi nikikwambia juzi nilikuwa Tarime, utahesabu vidole?" Nikasema nitahesabu. "Basi utapotea, mdogo wangu. Juzi ya huyu inaweza kuwa mwaka jana." Na ni kweli, kwetu kila siku iliyopita ambayo si jana watu wanaiita juzi, nyumbani tunaongea Kikurya, Kiswahili tunakiokota njiani na shuleni, nani ana muda wa kukipimia? Mimi nilikuwa nao. Kiswahili ndilo somo nililokuwa naongoza, mwalimu alinifundisha kusahihisha watu, na ulikuwa ugonjwa wangu. Nilikuwa namsahihisha mpaka mteja anayeagiza chai. Nikasimama katikati ya chumba kile nikamwambia Mwita, aliyeishia darasa la saba, "Nani amesoma Kiswahili hapa mpaka kidato cha nne?" Nilimuumiza, nililiona. Kisha akatabasamu na yale meno yake, akasema, "Haya mwalimu, andika." Nikaandika.

Wiki ya mnada alikwenda Sirari akarudi na CD ya kumi. Akaiweka mezani kwangu, pale nilipokuwa nakandia unga, akasema imebaki moja tu, ya mwisho kabisa, muuzaji amemwahidi. Akasema siku yoyote atakwenda tena kuifuata. Siku yoyote, hakutaja. Jumatano iliyofuata akatoka asubuhi na mapema akiwa na chapati mbili mkononi, hakumuaga mtu. Simu yake ilikuwa haipatikani, lakini simu ya Mwita haikuwahi kupatikana, betri yake aliifunga kwa raba. Alasiri ile tukasikia watu wanakimbia barabarani, wanaume hawasemi kitu, wanakimbia tu, na mama mkubwa akaweka chini mwiko akasema, "Duara."

Duara lilikuwa limeporomoka sehemu moja chini. Anayeandika majina ya wanaoshuka alikuwa amekwenda kula, na aliyemshikia nafasi hakujua kuandika. Kwa hiyo ikawa kila mtu na lake. Huyu anasema Mwita alishuka, alimwona na tochi yake. Mwingine anasema aliyeshuka ni kijana mwingine mwenye koti kama la Mwita. Mwingine alimwona Mwita stendi, anasubiri gari la Tarime, lakini haijui siku. Alhamisi wakawatoa wawili, mmoja maiti, mwingine mzima lakini hajitambui, akapelekwa hospitali. Kama Mwita alikuwemo, alikuwa mbele yao, upande wa ndani. Watu walichimba kwa zamu Alhamisi yote na Ijumaa yote. Mama mkubwa alikaa chini pale juu ya kifusi, miguu ameinyoosha, hali, hanywi. Na mimi? Mimi nilikwenda na kaunta buku yangu. Mungu wangu! Nilifungua ukurasa mpya baada ya ukurasa wa CD ya kumi, nikawa nawaita watu mmojammoja, nawauliza umemwona wapi, lini, alivaa nini, naandika, napanga nini kilitangulia. Na watu walinipenda kwa hilo. Walisema huyu binti wa mzee Marwa ana kichwa. Baba mkubwa aliniletea kiti.

Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, akafika Otieno. Huyu alikuwa wa bodaboda, kijana Mjaluo anayebeba abiria mpaka Sirari na kurudi, alimjua Mwita vizuri. Alizima pikipiki, akasalimia wazee, akauliza kuna nini. Wakamwambia. Akashangaa. "Mwita yupi, huyu wa maroboti? Si nilimwona juzi Sirari, kwa wale wa CD. Tumesalimiana kabisa." Nikasimama. Nikamuuliza, "Juzi?" Akasema, "Eeh, juzi." Nilikuwa nimebakiza swali moja. Siku gani, Otieno? Maneno matatu hayo, hata mtoto angeuliza. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa najua. Leo Jumamosi, jana Ijumaa, juzi Alhamisi. Duara limeanguka Jumatano. Kwa hiyo Alhamisi Mwita alikuwa Sirari anafuata CD ya mwisho kama alivyosema. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nilijiona nimemtoa shimoni kwa kalamu.

Msimamizi wa duara aliitwa Chacha, mtu mzima, mwenye kikohozi cha vumbi. Alimfuata baba mkubwa akamwambia mbele ya watu wote, nami nikiwa hapo: "Mzee Marwa, dari inadondosha. Nina vijana sita huko chini, wote wana mama zao. Kama mwanao yumo, tunaendelea, hatuondoki. Kama hayumo, niambie niwatoe sasa hivi." Baba mkubwa akanigeukia. Hakumgeukia Otieno, hakumgeukia mkewe. "Gati, mwanangu. Umepangaje?" Nikasoma. Nilisoma kwa sauti, kwa Kiswahili safi, kutoka juu mpaka chini: nani alisema nini, kipi hakiaminiki na kwa nini, na mwisho Otieno, Alhamisi, Sirari, mzima. Nilipomaliza baba mkubwa akainua mkono. "Mwanangu hayumo," akasema. "Wamtoe kila mtu." Vijana sita wakapanda wakiwa wa udongo mtupu, wanacheka, wanapeana maji. Chacha aliwahesabu wote, na dari ikashuka kidogo nyuma yao, tukaisikia, watu wakasema afadhali.

Jioni ile mama mkubwa alichinja kuku. Alichinja jogoo, akamkaanga na vitunguu vingi, na tukala wote mezani mgahawani kama wateja, milango imefungwa. Alimwekea Mwita paja, akafunika kwa sahani nyingine. Baba mkubwa alinimegea firigisi, ambalo kwetu si la kumpa binti, akaniwekea kwenye sahani yangu bila neno. Nilikula. Nimejaribu miaka yote kukumbuka kama lilinikaba hata kidogo, kama kulikuwa na dalili yoyote ndani yangu. Hakuna. Lilikuwa tamu.

Jumapili hakuja, tukasema amelala Sirari. Jumatatu hakuja. Jumatano baba mkubwa akaenda Sirari mwenyewe, akarudi, akakaa uani bila kuvua viatu. Yule majeruhi alifariki bila kuzinduka. Mimi nilikuwa namtafuta Otieno kila siku, alikuwa amekwenda kwao kuuguza, na alirudi baada ya wiki mbili. Nilimkuta stendi anafuta tangi la pikipiki. Nikamuuliza sasa lile swali. Akafikiri, mtu wa watu, akataka kunisaidia. "Ile wiki ya mnada, dada. Alinunua CD moja akaitia kwenye koti." Nikamwambia, Otieno, ulisema juzi. Akanitazama kama simwelewi. "Juzi si ni juzi tu, dada. Si jana." CD yenyewe ilikuwa nyumbani. Ilikuwa mezani kwangu siku zote zile, ya kumi, nimeiandika mimi mwenyewe kwenye kaunta buku na wiki aliyoileta. Ushahidi wote nilikuwa nao mkononi, ukurasa mmoja nyuma, sikugeuza.

Nilikwenda kwa baba mkubwa siku hiyohiyo nikamwambia. Nilipiga magoti. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa," akasimama akaenda duarani. Mvua zilikuwa zimeanza, maji yamejaa, hakuna wa kushuka. Usiniulize tuliishije. Nilikanda chapati. Mama mkubwa hakunifukuza wala hakunitukana, alinyamaza na mimi na sufuria zake pia. Alfajiri moja nikawasikia nyuma ya ukuta wa matope. "Ni yeye aliyesema," sauti ya mama mkubwa. "Amesoma kwenye lile daftari lake akasema hayumo." Kisha baba mkubwa: "Mkono niliinua mimi." Nilitamani angesema ndiyo, ni yeye. Ningepata pa kusimama. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu, Kiswahili alama ya juu kabisa, na nilikataa kwenda kidato cha tano. Watu walisema ni msiba umenivuruga. Mpaka leo nauza dawa za mifugo Mugumu, na mteja akiniambia ng'ombe alianza kuharisha juzi namuuliza siku gani, siku gani, jina la siku, mpaka wengine wanakasirika na kwenda duka la jirani.

Kiangazi maji yalipokauka, watu wengine wakalifungua duara lile, na wakamkuta. Baba mkubwa alishuka mwenyewe kumpokea. Aliyenieleza ni Chacha, siku ya maziko, tumesimama pembeni, na hakutaka kunieleza, nilimlazimisha. Alisema Mwita hakupondwa na chochote. Alikuwa amefungiwa kwenye kijitundu, mzima, na moko yake, ile patasi ya kupasulia mwamba, na alikuwa amechimba. Amelala kifudifudi anachimba, mchanga anausukuma nyuma kwa miguu. "Mikono minne," alisema Chacha, na alinionyesha kwa mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono miwili ya kwanza ya tundu ilikuwa imenyooka, inakuja kwetu, pale pale tulipokuwa tunachimba. Halafu tundu likapinda kushoto, likaenda mikono miwili mingine kuelekea kusiko na kitu. Chacha hakuhitaji kuendelea. Nilikuwa nimefundishwa na Mwita mwenyewe kutazama kitu kilivyo na kujua kipi kilitangulia. Alikuwa anatusikia. Alikuwa anaifuata sauti yetu. Jumamosi mchana sauti ikanyamaza, akadhani amekosea upande, akaanza kututafuta kwingine. Siku ngapi, sijui, lakini wakati nakula firigisi lile alikuwa anachimba.

Hili sikumwambia mtu. Baba mkubwa aliuza nyumba wakahamia Mbalibali, akarudia kulima na kuchunga, mama mkubwa akafa mapema, na mimi kila mwezi nilikuwa namtembelea. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Tunaongea mvua, mahindi, tembo walioingia shambani. Niliamini hajui. Nilijiambia mzee alishuka gizani, analia, amemfunga mwanawe kwenye turubai, angeona saa ngapi tundu limepindaje? Miaka yote nilijilisha uongo huo na ukanitosha.

Wiki mbili kabla hajafa nilimpelekea uji hospitalini. Ilikuwa alasiri, wodi imetulia, mgonjwa wa kitanda cha pili amelala. Nilimlisha vijiko vichache akakataa. Akanitazama usoni kama alivyokuwa ananitazama akiitikia salamu, lakini safari hii hakuondoa macho. "Gati," akasema. "Lile tundu lilikuwa linakuja kwetu. Kwa nini lilipinda?" Kijiko kilikuwa mkononi. Nikaweka kijiko kwenye bakuli, nikasema kwa ile sauti yangu ya kusoma, "Mwamba, baba. Alifika kwenye mwamba mgumu akauzunguka." Aliyafikiria maneno hayo, au alipumzika tu, sijui.

"Pale palikuwa udongo," akasema. "Udongo laini, niliushika kwa mkono wangu." Akakohoa. Nikamfuta mdomo. "Miaka yote hii nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua. Mwenzake wa kitanda cha pili akageuka, nesi akapita na trei yake, na mimi nikamuuliza baba mkubwa kama anasikia baridi miguuni. Akafumba macho. Nikamfunika miguu, nikafunga chupa ya uji, nikaenda kufungua duka.